Makochi Yasiyo na Gundi

Habari ilimkuta Mama Bonge akiwa ameinamisha kichwa kwa msusi, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama wima kama zimeona kitu. Msusi wa mtaa ule alikuwa na mtindo wake. Hatoi habari mpaka ahakikishe umekaa mkekani, kichwa chako kiko katikati ya magoti yake na huna pa kukimbilia.

"Usije ukasema nimesema mie," alianza, na kila aliyewahi kusukwa pale alijua kwamba hapo ndipo pa kujishika. "Wifi yako kaonekana."

"Kaonekana wapi? Mtu anaishi kwetu, kila siku anaonekana."

"Kaonekana na mfuko. Karakanani kwenu, upande wa nyuma. Kichwa chote ndani ya mfuko, mpaka mabegani, anahema. Mie sikuona, lakini aliyeona ana macho kunishinda."

Mama Bonge alisikia maumivu utosini, hakujua ni ya uzi au ya maneno. Mapajani kwake mwanawe aliendelea kutafuna mpini wa kitana bila wasiwasi wowote. Mtoto mwenyewe alikuwa mnene, mashavu yamejaa mpaka macho yanaomba nafasi, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Bonge na mama yake naye akapata jina.

"Labda alikuwa anatafuta kitu," alisema.

"Kitu gani kinatafutwa kwa pua, shoga yangu?"

Mama Bonge alivumilia mpaka mstari wa mwisho, akashukuru, akamweka Bonge mgongoni, akavuka barabara kwenda kwake. Ni mwendo wa kutupa jiwe.

Wifi huyo alikuwa dada mdogo wa mumewe, binti wa miaka kumi na saba, na jina lake la mtaani ni Chiriku. Alilipata tangu mdogo, kwa sababu alianza kusema kabla hajaanza kutembea, na alipoanza kutembea akawa anatembea akisema. Ukimtuma chumvi, anarudi na chumvi, na habari za muuzaji, na ugomvi wa muuzaji na mkewe, na maoni yake mwenyewe juu ya nani mwenye makosa.

Nyumba yao ilikuwa nyumba ya makochi. Baba mkwe, kabla hajafariki, alikuwa fundi makochi, akamrithisha mwanawe nyundo na wateja. Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba kirefu cha mabati chenye meza moja katikati, fremu za mbao zimeegemezwa ukutani kama watu waliochoka, na sponji zimepangwa mpaka darini. Mama mkwe alikaa mlangoni na cherehani yake, akishona vitambaa. Na Chiriku, akitoka shule, alipewa kazi ya kupaka gundi kwenye sponji. Ilionekana ni kazi ya mtoto: unachovya brashi, unapaka, unasubiri ikauke kidogo, unabandika. Dirisha lilikuwa moja, na hilo moja lilizibwa na sponji kwa sababu nafasi ilikuwa finyu.

Mwanzoni kichwa kilimuuma. Baadaye kikaacha kuuma. Mwishowe kikawa kinauma siku ambazo hakuna kazi, na hapo ndipo alipoanza kujifungulia kopo mwenyewe na kuvuta harufu ya gundi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua. Makopo yalipokuwa yanaisha haraka, kaka yake alilaumu sponji. "Sponji za siku hizi zinakunywa gundi," aliwaambia mafundi wenzake, nao wakakubali kwa kutikisa vichwa, kwa sababu fundi hakosi kitu cha kulaumu. Chiriku akapungua maneno, akawa mtu wa kukaa pembeni na kuitikia kwa kichwa, na mama yake akafurahi. Aliwasimulia wageni kwamba binti yake sasa amekua, ametulia, amepata adabu. Baadaye mama huyo alilia kwa neno hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Aliyegundua alikuwa Mama Bonge, na aligundua kwa sababu ya Bonge. Alikuwa na mimba changa wakati huo, mimba ya kuchagua harufu. Sabuni ilimtapisha, vitunguu vilimtapisha, shati la mumewe lilimfukuza chumbani. Jumapili moja, karakana imefungwa tangu jana yake, aliingia kutandika kitanda cha wifi yake, akainua mto, na harufu ya gundi ikamgonga usoni. Alikaa kwenye kile kitanda na mto mapajani mpaka mumewe alipokuja kumtafuta.

Hatutasimulia yote ya siku zile. Kulikuwa na kukana, kulikuwa na mlango kupigwa teke, na kulikuwa na asubuhi moja ambayo Chiriku alishindwa kukumbuka neno "kijiko", akawa anakionyesha kwa kidole huku machozi yanamtoka. Ndipo kaka yake alipomshika mkono, wakaenda zahanati, na zahanati ikawapeleka kwa mshauri.

Mshauri alikuwa mwanamama mwembamba, mrefu, ambaye kicheko chake kilianzia mabegani kabla hakijafika mdomoni. Alimtafutia Chiriku nafasi kwenye nyumba ya vijana wanaoacha ulevi, binti akakaa huko miezi kadhaa, na Bonge akazaliwa shangazi yake akiwa huko. Kila wiki familia ilikwenda. Viti viliwekwa duara, na kila mtu aliulizwa maswali, siyo Chiriku peke yake, jambo ambalo mama mkwe hakulipenda hata kidogo.

"Mgonjwa ni yule pale," alisema siku ya kwanza, "mbona naulizwa mimi?"

"Kwa sababu akitoka hapa haendi kukaa kwangu, mama, anakuja kukaa kwako," alijibu mshauri. Kisha akamgeukia kaka mtu. "Fundi, gundi iko wapi?"

"Iko karakanani."

"Na karakana iko wapi?"

"Nyumbani."

"Na huyu akitoka hapa anakwenda wapi?"

Fundi akamtazama mama yake.

"Basi," alisema mshauri, "kati ya binti na gundi, mmoja lazima ahame. Mkaamue nani."

Waliamua wakiwa bado njiani kurudi. Makopo yote yalitolewa siku hiyo hiyo, mpaka brashi. Dirisha likafunguliwa. Fundi akasimama katikati ya karakana yenye mwanga, akaangalia sponji zake, akamuuliza mama yake, "Sasa tunabandika na nini?"

Na hapa ndipo mama mkwe alipowaingiza watu kwenye balaa kwa roho safi kabisa.

"Nyie watoto mnajua gundi ya dukani tu," alisema. "Mie nimekua tunabandika karatasi ukutani kwa unga wa ngano, na hazikubanduka mpaka nyumba ilipobomolewa." Akabandika sufuria jikoni, akakoroga unga na maji mpaka ukawa mzito, na ili ushike vizuri zaidi, akatia sukari. Hakusita kwenye sukari. Fundi alipaka ule uji kwenye sponji za seti nzima ya makochi ya dereva mmoja wa lori aliyekuwa ndiyo kwanza ameoa, akazifunika kwa kitambaa cha rangi ya zambarau, akapeleka.

Siku ya tatu dereva alirudi. Hakuja na lori, alikuja kwa miguu, anatembea kwa hatua pana kama mtu mwenye jambo sehemu za nyuma.

"Fundi," alisema taratibu, "mimi na wewe tuna ugomvi?"

"Hatuna, kaka. Kwa nini?"

"Baba mkwe wangu alikuja jana. Nikamkaribisha kwenye kochi jipya, akakaa. Akasema kochi zuri. Kisha akanyamaza. Kisha akainuka bila kuaga, akaanza kujipiga makofi mapajani mbele ya binti yake. Fundi, lile kochi lina sisimizi kuliko shamba."

Mama mkwe aliacha cherehani. "Wengi?" aliuliza.

"Mama, wameleta na ndugu zao."

Yule dereva mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza, na pengine ndiyo sababu hakuwa mteja wa kupotea. Makochi yalirudishwa, yakavuliwa, yakapigwa jua, na kwa wiki nzima sisimizi walipanga mstari kutoka karakanani mpaka jikoni wakitafuta sufuria iliyowaita. Fundi alipolisimulia hilo kwenye kikao cha viti duara, Chiriku alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Ilikuwa mara ya kwanza wamsikie anacheka tangu Bonge awe tumboni. Mama yake, aliyekuwa amenuna kwa kuchongewa, alinyanyua kichwa akamtazama, akasema, "Haya, simulia tena, simulia na pale pa mapaja."

Baada ya hapo walirudi kwenye kazi ya zamani, ya mkono. Mama mkwe alikumbuka kwamba mumewe, enzi za ujana wake, hakuwa akibandika kitu, alikuwa akishona: sponji inafungwa kwenye fremu kwa uzi wa katani, na mgongo wa kochi unashonewa kwa ndani kwa sindano ndefu iliyopinda kama mwezi mchanga. Sindano ilipatikana. Aliyekosekana ni wa kuitumia. Fundi alikuwa na vidole vinene vya nyundo, akajichoma mpaka akawa anaiogopa. Mama mkwe macho yalikuwa yamechoka.

Chiriku aliporudi nyumbani ndiye aliyeishika. Mikono ilimtetemeka, mistari yake ya kwanza ilitembea kama watu waliotoka kilabuni, akafumua, akashona, akafumua. Alikuwa analalamika tangu asubuhi mpaka jioni: uzi mgumu, sindano ina roho mbaya, kaka yake anapumua kwa sauti. Mama mkwe, kwenye cherehani yake, alikuwa akisikiliza yale malalamiko kama mtu anayesikiliza redio aliyodhani imekufa.

Ila kurudi kwake kulikuwa kwa majaribio. Mshauri aliwaeleza wazi, mbele ya wote. Chiriku atakaa nyumbani, kila wiki atakwenda kwake, na mwakani, mambo yakienda vizuri, shule. Lakini akionja tena na akaficha, atarudi kule kwenye nyumba ya vijana na kuanza upya. "Kuonja peke yake tutazungumza," alisema. "Kuficha ndiko kutakakokurudisha."

Mama Bonge alimpenda wifi yake. Mawifi wa mtaa ule walikuwa wakigombana mpaka juu ya kamba ya kuanikia, lakini hawa wawili walikuwa wakitaniana. Chiriku alimwita "mke wetu", akimwambia wamemchukua kwa makosa, walikuwa wanamtaka jirani. Naye Mama Bonge alimjibu kwamba hata yeye alikuwa anaelekea kwa jirani, akapotea mlango. Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho Mama Bonge hakukisema kwa yeyote. Hakuwahi kumwacha Bonge na Chiriku peke yao. Akienda sokoni, anambeba. Akienda bombani, anambeba, ingawa mtoto alikuwa mzito kuliko ndoo. Siku zote alikuwa na sababu: mtoto ana mafua, mtoto hajalala, mtoto anamlilia. Chiriku hakuwahi kuuliza, na kutokuuliza kwa mtu kama yule ni kama kupiga kelele.

Basi hayo ndiyo aliyovuka nayo barabara siku ile ya msusi.

Alimkuta Chiriku anafagia karakana. "Mke wetu, umependeza," alisema Chiriku, akiegemea fagio. "Sasa unafanana na mtu."

Mama Bonge alicheka, huku anamtazama macho. Mekundu? Vumbi labda. Pua? Sawa tu. Akapita, akaingia ndani, na pale kwenye beseni la nguo chafu akaliona gauni la jana la wifi yake. Alisikiliza. Fagio lilikuwa bado linafagia. Akaliokota, akalipeleka puani, akavuta pumzi kwa makini, kwapani, kifuani, kwenye mikono.

Fagio lilikuwa limenyamaza, ila hakulisikia likinyamaza.

"Linanuka nini, wifi?"

Chiriku alikuwa amesimama mlangoni.

"Jasho," alisema Mama Bonge, maana lilikuwa linanuka jasho kweli.

"La nani?"

"Lako."

"Afadhali. Nilidhani unataka kuazima."

Ulikuwa utani, lakini uso wa aliyeutoa haukuwa na utani. Chiriku alichukua gauni lake mkononi mwa wifi yake, polepole, akaenda kulifua. Chakula cha jioni kilipoandaliwa hakusema neno. Mama yake alimpa ugomvi wa muuza chumvi, hakuudaka. Kaka yake alipumua kwa sauti makusudi, hakulalamika. Na kwa kuwa wote walikumbuka ule utulivu wa zamani walioufurahia kwa ujinga, kila mmoja alikula akimtazama mwenzake, na sahani zikabaki na chakula.

Kesho yake ilikuwa siku ya kikao. Walikwenda wote, Bonge mgongoni. Mshauri aliwatazama mmoja mmoja wakikaa, akasema, "Mmekuja na kitu leo. Nani kakibeba?"

"Waulize wao," alisema Chiriku. "Mie ni wa kunuswa tu."

Mama Bonge alihisi uso unawaka. Hakuwa mtu wa maneno mengi mbele za watu. Shule aliishia ya msingi, na tangu hapo alikuwa akijiona hana la kusema penye meza na mafaili. Lakini alilisema, lote, huku anamnyonyesha mtoto ili apate pa kuangalia: msusi, mfuko, kichwa mpaka mabegani, kuhema. "Nikaogopa kukuuliza," alimalizia, akimgeukia wifi yake. "Niliogopa useme ndiyo."

Mabega ya Chiriku yakaanza kutikisika. Mama yake akadhani analia, akanyoosha mkono kumshika. Hakuwa analia.

"Mfuko," alisema, akivuta pumzi. "Jamani, mfuko. Ule ni mgongo wa kochi."

"Mgongo gani?" aliuliza kaka yake.

"Wa dereva wa lori, kaka, ule wa zambarau. Kitambaa si kimeshonwa kama foronya kubwa? Sasa mshono wa ndani unaufikiaje bila kuingia? Nimeingiza kichwa, mabega, mkono na sindano. Na humo ndani kuna joto, lazima mtu uheme. Wewe ungeimba?"

Fundi alijipiga paji la uso. Mama mkwe akasema hata marehemu mumewe alikuwa akiingia namna hiyo hiyo, na siku moja alilala humo humo akakoroma, mteja akakimbia.

Mshauri alicheka, mabega kwanza. Kisha akasema, "Nataka kuuona huo mshono." Hakusema kama hakimu anayetafuta ushahidi, alisema kama mtu anayependa makochi. Jioni ile ile, jua likiwa bado lipo, alikuja mpaka karakanani. Chiriku akamwonyesha: mgongo wa kochi wa zambarau umesimamishwa kwenye fremu, mdomo wazi. Akaingia nusu mwili, akatoa sauti kutoka ndani akieleza wapi sindano inapita na wapi uzi unakazwa. Mshauri akasema haoni. Chiriku akamwambia hauonekani kwa nje, ingia. Na mshauri, mtu mzima na miwani yake, akaingiza kichwa na mabega kwenye ule mfuko, akawa anaulizia humo ndani.

Wakati huo huo msusi alikuwa anapita kudai kitana ambacho Bonge aliondoka nacho. Alisimama kwenye uwazi wa nyuma, akaangalia viatu vya mshauri vilivyojulikana mtaa mzima, akafuata miguu kwenda juu, akakuta haina kichwa.

"Hata huyu?" alisema kwa sauti ndogo.

"Karibu, shoga," alisema Mama Bonge. "Nafasi ipo, ingia na wewe uone."

Msusi alisema ameacha mteja kichwa nusu. Lakini hakwenda popote, maana Chiriku alimshika mkono, na alipotoka kwenye kile kitambaa nywele zimejaa nyuzi za katani alikuwa na habari mpya, ambayo aliisambaza kwa uaminifu ule ule: kwamba makochi ya pale yanashonwa kwa mkono mpaka kwa ndani, kaona kwa macho yake. Wateja wawili walikuja kwa sababu ya mdomo wake peke yake.

Kabla hajaondoka, mshauri aliwaita mawifi wawili pembeni, karibu na cherehani. Alimwambia Mama Bonge, "Pua yako ilitusaidia mara ya kwanza, mama. Sasa ipumzishe. Tumia mdomo." Na kwa Chiriku akasema, "Hamu itakuja. Sitakuficha hilo."

"Imeshaisha," alisema Chiriku. "Hata siikumbuki."

"Yenyewe inakukumbuka. Itakuja siku nzuri, wakati una furaha, na itakuja kwa adabu, imevaa vizuri. Usiifanyie mapambano peke yako."

Chiriku alitikisa kichwa kukubali, namna vijana wanavyokubali kitu ambacho wana hakika hakiwahusu.

Yakapita majuma ya kazi nyingi. Dereva wa lori alichukua makochi yake ya zambarau, akayakalia mara tatu mbele yao kabla hajayapakia, kisha akamleta baba mkwe wake naye aagize. Mama mkwe alizuiwa kukaribia jikoni na unga. Mama Bonge alijifunza kuuliza. Mwanzoni maswali yalimtoka kama mtu anayetapika mwiba. "Wifi, leo uko sawa?" Na Chiriku akajibu, "Niko sawa, mke wetu, wewe?" Baadaye yakalainika, yakawa kama salamu, na siku nyingine Chiriku ndiye aliyeuliza kwanza.

Lakini Bonge alibaki mgongoni kwa mama yake.

Ikaja siku ya kupeleka kochi la nyumba ya mzee mmoja upande wa pili wa mtaa wa mafundi viatu. Fundi na Chiriku walilisukuma kwa mkokoteni tangu asubuhi, Chiriku mbele anaondoa watu njiani kwa maneno, fundi nyuma anaomba radhi kwa maneno hayo. Ilikuwa siku nzuri. Mzee alifurahi, akalisifu kochi, akauliza nani kashona, na fundi akamnyooshea kidole dada yake.

Mama Bonge alikuwa uani anamwogesha mtoto kwenye beseni alipomwona wifi yake anarudi peke yake. Alikuwa anatembea haraka. Alifika, akakaa kwenye kizingiti, akaanza kusema, na alisema kwa kasi ambayo hata kwake ilikuwa ngeni: mzee yule, sebule yake, pazia lake baya, paka wake anayefanana na msusi, gurudumu la mkokoteni linalolia. Hakuwa anapumua kati ya neno na neno. Kisha akanyamaza, ghafla, kama redio iliyochomolewa.

Mama Bonge alimwangalia. Alihisi pua yake inataka kusogea. Akaizuia. Alimtoa Bonge majini, akamviringisha taulo, akampakata.

"Wifi," alisema. "Kuna nini?"

Chiriku alikuwa anaangalia mikono yake. Vidole vilikuwa na alama ndogo ndogo za sindano ya makochi, ngumu kama kokwa.

"Kuna fundi viatu pale kona," alisema. "Alikuwa amefungua kopo. Tulipita wakati wa kwenda, sikusikia harufu, nilikuwa nahangaika na mkokoteni. Wakati wa kurudi kaka alisimama kusalimiana na mtu. Nikabaki pale pembeni. Nikasimama, wifi. Nilisimama kama mtu anayesubiri gari."

"Halafu?"

"Sikuwa nasubiri gari."

Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye miguu ya Bonge, tone baada ya tone, kwenye sakafu ya saruji.

"Nilikuwa na furaha," alisema Chiriku. "Yule mzee kanisifu, nina furaha, nikasema kidogo tu, nani atajua. Yule fundi viatu akanitazama akaniuliza, binti, unataka nini? Nikashindwa kumjibu. Nikakimbia. Kaka nimemwambia nimebanwa na haja." Alijaribu kucheka, kikatoka kitu cha katikati. "Sijagusa. Unaweza kuninusa ukitaka."

"Sitaki kukunusa."

"Lakini bado nataka, wifi. Hata hapa nilipokaa nataka. Nikiingia ndani nikalala, nitaamka nikirudi pale."

Mama Bonge alihisi hofu ileile ya siku alipoinua mto. Safari hii hofu ilikuwa imekaa mbele yake kizingitini, inamsemesha yenyewe, na jambo hilo lilimfanya asiiogope sana. Bonge alitoa mkono kwenye taulo, akaushika mkono wa shangazi yake, akaupeleka mdomoni kuuonja. Chiriku hakuutoa.

Alinyanyua uso. Macho yalikuwa na machozi, lakini kwenye kona ya mdomo kulikuwa na ule utani wake unaotafuta njia ya kutokea.

"Naomba unisindikize kwa mshauri," alisema. "Sasa hivi, kabla sijapata akili ya kukuambia nimepona. Na njia inapita pale pale kwa fundi viatu, hakuna nyingine. Kwa hiyo mtoto mvishe, halafu nifunge mbeleko, nimbebe mimi."